Siku Nilipofungiwa Ndani ya Suti ya Theluji Mitunguu

Jambo hili sijawahi kulisimulia bila kujifunika uso, na hata leo nawaambia kwa sababu nusu ya soko la Mitunguu iliniona kwa macho yake, sasa nikificha nitakuwa namficha nani?

Ilikuwa Februari, wakati wa lile joto ambalo ng'ombe walikuwa wanalala chini ya migomba wakihema kama wamefukuzwa, na sisi pale saluni (mimi ni msusi) tunasuka watu huku jasho letu linawadondokea kichwani, samahani lakini ndio ukweli. Mimi nina dawa yangu ya joto, na msinicheke. Natazama picha za theluji kwenye simu. Barabara nyeupe, nyumba zimefunikwa mpaka dirishani, mtu anatoa mvuke mdomoni. Nikizitazama kidogo nasikia ubaridi unaniingia shingoni kabisa. Theluji niliyowahi kuiona mwenyewe ni ile ya juu ya Mlima Kenya asubuhi kukiwa wazi, na hiyo ni kama kuona chakula cha jirani.

Sasa rafiki yangu Karimi ana studio ya picha nyuma ya soko, kibanda cha mabati, na wiki hiyo alikuwa amechora ukuta mzima milima na miti ya theluji, tena akaazima kwa muuza mitumba suti moja ya ajabu, ile nguo nzima ya watu wa baridi, inaanzia kwenye vifundo vya miguu inaishia kidevuni, imejazwa manyoya mpaka ukiivaa unafanana na godoro lenye miguu.

Jumamosi hiyo wakwe wa mdogo wangu Kananu walikuwa wanakuja kwetu kwa mara ya kwanza, kutoka upande wa Embu, kumposea mtoto wao Mwenda. Mama alinituma sokoni kuchukua soda. Nikazinunua, nikazifunga kwenye bodaboda, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu badala ya kupanda nikamwambia yule dereva, "Tangulia nazo, mwambie mama nakuja." Nilitaka picha mbili tu.

Karimi akafurahi. "Toa gauni," akaniambia, "halitatoshea ndani. Nani atakuona?" Nikabaki na petikoti. Nikaingia kwenye suti, akapandisha zipu mpaka kidevuni, akanivuta kofia usoni na kufunga kamba zake, akanipaka poda nyeupe kwenye mashavu na kope ili nionekane nimeganda, halafu akawasha feni na kumwaga manyoya ya mto mbele yake. Jamani, theluji ilianguka! Nilizunguka nikicheka, nikainua mikono, nikaona picha kwenye kamera nikasema huyu si mimi, huyu ni mtu wa ng'ambo.

Kisha stima ikapotea. Feni ikasimama. Nikamwambia Karimi anifungue.

Zipu ikashuka kidogo kama ukucha, ikakataa. Akavuta. Ikakataa. Akajaribu kamba za kofia, nazo zilikuwa zimejifunga fundo na jasho limezikaza. Akapaka mafuta, akavuta kwa meno (ndiyo, kwa meno), bado.

"Nikate?" akauliza.

"Usikate, ni nguo ya mwenyewe."

"Uko sawa lakini?"

"Niko sawa." Na sikuwa sawa. Moyo ulikuwa unapiga masikioni.

"Basi ngoja nimkimbilie fundi aje na koleo."

Akaenda. Nikangoja. Mabati juu yalikuwa yanawaka, hewa imekuwa nzito kama uji, jasho linateremka mgongoni linajaa kwenye magoti. Simu ikalia, na kwa zile glavu zilizoshonwa kwenye mikono nikaibonyeza kwa pua.

"Kendi! Uko wapi? Wageni wameshapita Nkubu!"

"Nakuja, mama."

Nikaanza kuona vidoa vyeusi. Midomo ikafa ganzi. Nikasema, nikianguka humu ndani hakuna atakayejua mpaka Karimi arudi, na Karimi nikimjua mimi ameshasimama mahali kusalimia mtu. Nikasukuma mlango kwa bega nikatoka kumtafuta.

Fikirieni watu walichokiona. Jua la mchana, kila mtu amevaa nguo nyepesi, halafu kitu kinene chenye uso mweupe na manyoya ya kuku mashavuni kinatembea kinayumba kati ya mafungu ya ndizi. Mama mmoja akapiga kelele akimwita Yesu. Wengine wakacheka, nikatamani wangeendelea kucheka, kwa sababu kijana mmoja aliyekuwa anapakia ndizi kwenye lori akasema, "Huyo amejaza kitu humo ndani! Mnaona lile tumbo?"

Basi. Juma hilo maduka mawili yalikuwa yameibiwa sukari na simu, na watu walikuwa na hasira inayotafuta mtu. Wakanizunguka. Mahali nilipozaliwa, watu ambao wengine nimewasuka kwa mikono hii, hakuna aliyenijua.

"Fungua zipu!"

"Haifunguki."

"Sema vizuri! Fungua!"

"Nawaambia imekwama! Mimi ni Kendi wa saluni!" Lakini mdomo ulikuwa mkavu, na kofia imenibana taya, sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi.

Mtu akanishika mkono kwa nyuma. Yule kijana akachukua kisu cha kukatia ndizi kwa mama mmoja. "Kama hakuna kitu, kwa nini unaogopa tukipasua?" Nikajikumbatia kifuani kwa nguvu zote, na kadiri nilivyojikumbatia ndivyo walivyosadiki. Nikaona jiwe mkononi mwa mtu. Hapo, ndugu zangu, nilijua kwamba naweza kufa, na nitafia kwenye picha.

Nikajaza pumzi yote iliyobaki nikapaza sauti: "Msinipasue! Ndani nimevaa petikoti peke yake!"

Sijui kwa nini kila kitu kilinyamaza wakati huo huo. Nikageuka, nikaona gari limezuiwa na umati, vioo viko chini, limejaa watu waliovalia kwenda ugenini, na mama aliyekaa mbele nilimjua mara moja kutoka kwa picha za Kananu. Alikuwa Mama Mwenda. Mkwe mwenyewe.

Akashuka. Mama mfupi, mpole wa sura, lakini alipofungua mdomo yule kijana alirudi nyuma.

"Nipe hicho kisu. Wewe uliyeshika jiwe, liweke chini, huoni mtu anakufa na joto? Wanaume wote, geukeni!"

Wakageuka, hata wazee wake kwenye gari wakageuka wakatazama migomba. Akina mama wakanizunguka na leso zao, yeye akaipasua ile suti kutoka shingoni mpaka chini, akanifunga leso yake. Manyoya yakamwagika. Hakukuwa na sukari, hakukuwa na simu ya wizi, nilikuwa mimi tu, nimelowa jasho. Akanimwagia maji kichwani pole pole.

"Pumua, mwanangu. Unatoka wapi?"

Nikamwangalia, na badala ya asante nikataja mji wa mbali: "Maua. Mimi ni wa Maua, napita tu."

Karimi akatokea na fundi na koleo. Alipoona suti ilivyolala pale vipande vipande, akakaa chini.

Nilipita kwenye mashamba ya ndizi, nikaingia kwetu kwa nyuma, nikaoga, nikavaa. Mama alikuwa ananisukuma kuelekea sebuleni: "Wasalimie! Wewe ndiye dada mkubwa!" Nilisalimia mstari mzima wa wazee nikiangalia sakafu, mpaka nikafika kwa Mama Mwenda.

"Muga, mwanangu," akanisalimia. "Unaitwa nani?"

"Kendi."

Akaushika mkono wangu kwa muda mrefu. Kisha akainama kama anayenibariki, akaninong'oneza sikioni, "Kumbe Maua ni hapa karibu hivi."

Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini akanikalisha kando yake, akamwambia mama yangu kwamba nimechoka na kazi, niletewe maji, na mzee mmoja alipoanza kusema, "Huko sokoni tumekuta maajabu," akamkatiza: "Mzee, anza maombi." Yakaanza.

Alipokuwa anaondoka nilimpeleka mpaka kwenye gari na kumwomba msamaha. Akasema, "Msamaha wa nini? Siku nyingine ukiulizwa kama uko sawa, na hauko sawa, sema."

Harusi ilifanyika. Karimi alinitumia zile picha na ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa, nazo sijamwonyesha mtu. Na nimeapa mbele ya Mungu, tangu siku ile mpaka nizikwe, sitavaa nguo ambayo siwezi kuivua kwa mikono yangu mwenyewe.