Kamera ya Trela ya Baba

Kamera niliinunua mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa koti yetu wanayo hadithi yao ya jinsi mambo yalivyokwenda, na katika hadithi hiyo mkosaji ni mimi. Sibishani nao. Kamera niliinunua mimi, maelezo yake niliyasoma mimi, na trela ya baba niliitoboa mimi kwa drili ya kuazima.

Nikisema koti namaanisha zile nyumba za Buruburu, Nairobi, zinazotazamana, katikati pakiwa na uwanja mdogo wa kuegesha magari ambao kila jirani anaamini ni wake. Nililelewa hapo. Siku hizi nakaa mtaa wa Fedha na wanangu wawili, lakini baba hajahama.

Alikuwa dereva wa malori ya serikali kwa miaka arobaini. Alipostaafu, wenzake walirudi Ukambani kufuga ng'ombe au kufungua duka. Yeye alikwenda kwa mafundi wa kuchomelea vyuma kando ya Jogoo Road, akawachorea kwenye karatasi nyumba ndogo ya magurudumu mawili ya kuvutwa na pikapu yake: kitanda, meko ya gesi, dirisha moja kila upande. Alisema maisha yake yote amelala barabarani bila mkewe, sasa anataka kulala barabarani naye. Mama alimcheka mbele za watu, kisha akaingia ndani akashona mapazia. Walikwenda nayo hadi Kitui, nyumbani, mara nyingi tu, na koti nzima ilitoka kuwaaga ikiwatania kwamba konokono wanasafiri.

Kurudisha trela nyuma ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika usukani, mwingine, utingo, anasimama nyuma akipiga bodi kwa kiganja na kuita: kuja, kuja, kata kidogo, kuja. Pigo moja zito maana yake simama. Na madereva wa rika la baba wana sheria yao. Utingo akikuuliza kama umeona, unajibu umeona. Dereva hasemi hajaona. Akilisema hilo hata siku moja, amekwisha, kesho hakuna atakayepanda gari lake. Utingo wa baba alikuwa mama, mwanamke wa kanisa na kitambaa chake kichwani, akiyapiga yale mabati mpaka watoto wa jirani wanaamka.

Mama alifariki. Mwaka ulipokaribia kutimia, ukoo ulipanga siku ya kwenda kulijengea kaburi na kusimamisha msalaba. Baba akatangaza kwamba ataivuta trela mpaka nyumbani, aiegeshe karibu na kaburi, na akae hapo wiki nzima. "Nilimwahidi nitakuja na nyumba yetu," aliniambia. Hakuwa na neno lingine tangu mwezi huo uanze. Jumapili moja alijaribu kuigeuza trela peke yake pale uwanjani, akaangusha nguzo ya lango la jirani.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini dereva wa miaka arobaini ameigonga nguzo aliyoishi nayo. Mimi nilijiuliza nani atampigia bodi. Napenda matatizo yenye skrubu, huo ndio ukweli wangu, na nikishaliona la skrubu silitafuti jingine. Nikaagiza kamera isiyo na waya: yenyewe inakaa nyuma ya trela, inarusha picha hewani hadi kwenye skrini ndogo iliyo mbele ya dereva. Nilijiona binti wa maana sana.

Nilifika Jumamosi asubuhi. Baba alikuwa ameshatoa sanduku la vifaa. Nilitoboa juu ya dirisha la nyuma, nikafunga kamera, nikaziba tundu kwa silikoni ili mvua isiingie. Picha haihitaji waya lakini kamera inahitaji umeme, na karatasi ilisema niuchukue kwenye taa ndogo za nyuma, ili dereva akiwasha taa, kamera nayo iwake. Nilivua sweta yangu, ile ninayoivaa kila nikija kwake, nikaitandika chini, nikalala chali chini ya trela kuzitafuta zile nyaya. Baba alichutama pembeni. Niliitisha spana namba kumi, akaipapasa ndani ya sanduku akanipa bila hata kuinamisha kichwa. Nikaitisha koleo, ikawa hivyo hivyo. Nilimsifu. Nilisema fundi wa zamani mikono yake ina macho, na tukacheka wote wawili.

Nikabandika skrini kwenye dashibodi, nikaichomeka pale anapochajia simu, nikamweka baba kwenye kiti chake. Kisha nikazunguka nyuma ya trela nikasimama mbele ya kamera.

"Baba! Unaniona?"

"Nakuona vizuri kabisa, mwaitu!"

Mwaitu ni mama, kwa Kikamba. Nimebeba jina la mama yake mzazi, na kwa desturi yetu hajawahi kuniita vingine.

"Kweli?"

"Na hiyo sweta yako ya maruni! Hata kungekuwa na ukungu ningekuona."

Nilijitazama. Nilikuwa na fulana nyeupe yenye madoa ya silikoni. Sweta ilikuwa bado chini ya trela, kwenye vumbi. Hata hapo sikuelewa. Nilidhani ni kamera ya bei rahisi inayochanganya rangi, nikarudi mbele nikiwa na hasira na yule aliyeniuzia, nitafute pa kurekebisha.

Skrini ilikuwa nyeusi. Hapakuwa na picha yoyote, ila maneno madogo ya kusema haipokei kitu. Taa hazikuwa zimewashwa, na mimi mjuaji nilisahau kumwambia aziwashe. Baba aliikodolea macho ile skrini tupu, kichwa amekiinamisha upande kidogo, anatabasamu kama mzee aliyeridhika na kazi ya mtoto wake.

Nilinyoosha mkono nikawasha taa. Picha ikaja safi: ukuta wa jirani, kamba ya nguo, paka anayejilamba.

"Na sasa?"

"Hata sasa ni sawa."

"Unaona nini, baba?"

Alishika usukani kwa mikono yote miwili ingawa injini ilikuwa imezimwa.

"Mwanga," alisema. "Naona kuna mwanga."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilikasirika, tena hasira mbaya. Nilitaka kumpigia kelele koti nzima isikie. Aliniambia nifunge mlango niketi, nami nikaketi. Akanieleza akitazama mbele, kana kwamba tuko safarini. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikufa kabla trela haijatengenezwa. La kulia lilifuata polepole, na mwaka huu limekwenda mbio. Dawa ya matone aliacha kutia mama alipougua, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa akimtilia.

"Sasa mlikuwa mnafikaje Kitui?"

"Si mama yako alikuwa hapo."

Na hapo nikamsikia mama. Njia nzima alikuwa akiongea. Bampu hiyo. Lori linatoka kushoto. Punguza, kuna mbuzi. Huyo wa mbele amewasha taa nyekundu. Siku tulizopanda nyuma, sisi tulikuwa tukimcheka, tukisema baba anashika usukani lakini gari linaendeshwa na mdomo wa mama. Nililisema hilo hata siku ya mazishi, nimeshika maikrofoni, na watu wakacheka katikati ya machozi. Baba naye alicheka.

"Na tangu afe?"

"Naenda kanisani tu. Njia naijua kwa kuhesabu. Hiyo saa hakuna magari."

Kanisani alikuwa akienda na wanangu. Kila Jumapili niliyokuwa na kazi niliwaacha kwake, akawachukua, wanakaa nyuma, wanaimba. Nilifungua mlango nikabaki nimeushika tu.

"Leta funguo," nilisema.

"Mwaitu, baada ya Kitui. Mara hii moja. Wewe utakaa hapa unipe njia, kama yeye."

"Leta funguo."

Nilikuwa sijawahi kulitumia lile jina. Mtoto mwenye jina la nyanya hutaniwa, hupewa kipande kizuri cha nyama, basi. Lakini mimi nilimwamuru kama mama anavyomwamuru mtoto, na yeye akatii kama mtoto. Alichomoa ufunguo akaunyoosha kunipa. Aliunyoosha hewani, mbali na mkono wangu, akausubirisha pale. Nikaufuata nikauchukua.

Kisha akauliza, "Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Basi sema umeharibu nyaya. Sema gari limekataa kuwaka. Wataamini, mafundi wa kujifunzia kwenye simu wanaharibu magari kila siku."

Nilikubali. Ningekataaje?

Hospitali nilimpeleka wiki iliyofuata. Daktari alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ulinitisha zaidi. Alisema kilichokwenda hakirudi, na kilichobaki ni kidogo cha kuhesabiwa. Baba alimshukuru kwa adabu zote.

Nilimwomba nimpeleke kaburini kwa gari langu. Nilimwomba Jumatatu, nikamwomba Jumatano kwa simu, nikaja Ijumaa nikapiga magoti sebuleni, mimi mwanamke mzima. Nilimwambia nitamwekea kitanda cha trela pale pale kando ya kaburi, nitamtafutia dereva wa kuivuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sitapelekwa kwake kama maiti ya pili," alisema, na akaomba chai.

Tulikwenda bila yeye. Saruji ikamwagwa, msalaba ukasimama, mchungaji akauliza mzee yuko wapi. Nikasema gari lilikataa kuwaka. Shangazi mmoja akauliza gari lilikuwaje, na ndugu yangu akadakia kwamba ni mimi nililichokora kwa kamera zangu za mtandaoni. Walinitazama watu wote waliosimama pale kaburini.

Sasa baba hatoki. Kiti chake kiko mlangoni, anakaa hapo kuanzia chai ya asubuhi. Anawatambua majirani kwa viatu vyao na wanamsalimu, na hakuna aliyegundua. Trela imeshika kutu pale nilipotoboa. Silikoni yangu haikushika vizuri, na mvua ya juzi imelowesha kitanda. Nilimweleza. Alisema si kitu, nani atalala hapo?

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikimfulia mapazia yale nje, nijaribu kuyatoa ukungu. Jirani wa nyumba ya kona akapita, yule ambaye nguzo yake iliangushwa. Ni mtu mzuri, alimsamehe baba siku ile ile.

"Niaje dada," alisema. "Kwani hii gari ya mzee uliifanyia nini? Tangu uichokore haijawahi toka hapa. Si ungeita tu fundi anajua kazi? Mzee alikuwa anaenjoy na hii kitu yake. Umemmaliza, aki."

Baba alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno. Nilimtazama nikingoja, na nakiri kwamba nilitaka aseme. Nilitaka hata akohoe tu.

"Ni kweli," nilimwambia jirani. "Niliharibu."

"Usimlaumu sana," baba akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusamehe. "Ni mtoto. Alitaka kunisaidia."

Jirani akatikisa kichwa, akasema mzee una roho safi. Baba alimpungia mkono kumuaga. Aliupunga kuelekea ukutani, na jirani alikuwa ameshageuka, hakuona.