Daktari Aliyesoma Mbele ya Mgonjwa

Habari za kifo chake zilinikuta kwa kinyozi mjini Homa Bay, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado. Aliyenipigia simu ni muuguzi aliyefanya naye kazi, na hakuzunguka: "Yule daktari wetu wa Kehancha ametuacha. Ni presha." Wanaonisoma kwa muda watamkumbuka, kwani nimewahi kumgusia humu, na jina lake nitaiachia familia yake. Hakuwa rafiki wa kutembeleana. Tulikunywa chai pamoja mara chache kwenye kantini ya hospitali ya Homa Bay alikofanya kazi, tukalalamikia mtandao, kila mtu akashika njia yake. Lakini siku hizi naona vifo vya watu wa namna hii ndivyo vinavyonichosha zaidi. Nilikaa pale kitini hadi kinyozi akaniuliza kama nataka amalize au aache.

Alikuwa Mkuria aliyefanya kazi miaka mingi kati ya Wajaluo. Kijaluo chake kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo wagonjwa aliwahudumia kwa Kiswahili. Tena alikuwa na tabia iliyomharibia jina. Akifika mahali asipokuwa na uhakika, alitoa simu palepale mbele ya mgonjwa, akafungua kurasa za marejeo ya madaktari, akasoma taratibu huku midomo ikichezacheza. Wenzake nao husoma kurasa hizohizo. Zinaandikwa na mabingwa na kurekebishwa kila mara, wakati vitabu vyao vya chuoni vinazeeka kabatini. Ila wenzake hujificha. "Wenzangu wanasomea chooni," aliniambia siku moja akikoroga chai. "Mtu anaambia mgonjwa ngoja nilete glavu, anaenda kusoma huko, anarudi anaongea ni kama alizaliwa akijua. Mimi nimechoka na hiyo mchezo. Nasoma nikiwa nimekaa." Mimi nilicheka sana. Yeye alitabasamu kidogo tu, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakimkimbia na alijua.

Mmoja wa waliomkimbia ni mama yangu mdogo, anayeanika omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Takawiri. Mguu wake uliwahi kuvimba, akakutwa na donge la damu ndani, na tangu hapo alikuwa akinywa dawa ya kuzuia damu isigande. Siku niliyompeleka kwa daktari huyu, shida yake ilikuwa fangasi ya vidole vya miguu. Daktari alishika kalamu aandike vidonge, akasita, akaiweka kalamu chini, akatoa simu. Mama mdogo akamtazama kwa muda, uso ukazidi kukunjamana. "Sasa daktari, unachati na nani na mimi niko hapa naumwa?" Daktari akamwambia, "Sichati, Mama. Sina uhakika kama hii dawa itapigana na ile yako ya damu. Wacha nisome." Mama mdogo akaniangalia mimi kana kwamba nimemuuza. "Kwani hukusomea hii kazi?" "Nilisomea. Lakini dawa ni mingi, Mama, na kichwa ni moja." Basi. Mama mdogo akachukua mkoba wake. "Yawa, twende. Mimi sikuvuka maji yote hiyo nikuje kutibiwa na simu."

Tulitoka. Foleni nzima ilikuwa imesikia na watu walikuwa wakicheka waziwazi. Nilifikiri daktari atamwita mgonjwa mwingine na kutusahau, na nisingemlaumu. Badala yake alitufuata juani, koti jeupe likipepea, simu mkononi, akatufikia getini akihema. "Mama, nenda popote unataka, hiyo ni haki yako. Lakini mtu akikupatia vidonge vya fangasi, usikunywe. Hapa wameandika vitaongezea ile dawa yako nguvu mpaka utoke damu ndani kwa ndani." Akanigeuzia simu nisome mwenyewe, nikasoma. Mama mdogo akaendelea kutembea. Walinzi wa getini nao walicheka, na daktari akarudi peke yake akipita mbele ya foleni ileile.

Tukaenda kliniki ya mtu binafsi ambako tabibu aliandika vidonge kabla mgonjwa hajamaliza kueleza. Mama mdogo alipomtajia dawa ya damu, tabibu akasema, "Haina shida, Mama," na kuita anayefuata. Mimi nikafungua mdomo nibishane, mama mdogo akanikanyaga mguu. Huyo alimfurahisha, huyo ndiye daktari. Furaha ilidumu mpaka stendi, tulipokuwa tukisubiri gari la Mbita. Alitoa vidonge, akavitazama, akaniuliza, "Huyu ameniangalia usoni?" Nikasema hapana. "Na yule wa simu amenifuata mpaka geti, watu wote wakimcheka." Akavirudisha vidonge mkobani. "Mtu hawezi kubali kuchekwa hivyo bure." Tukarudi. Daktari hakumsimanga hata kwa neno moja, akamwandikia dawa ya kupaka.

Nimesimulia haya kwa sababu ya yale niliyoyasikia kwenye mazishi. Tulimzika kwao, nje kidogo ya Kehancha, ng'ombe wakilia zizini na maturubai yamejaa. Mama mdogo alitoka Takawiri siku moja kabla, akalala kwangu, na hakutaka kusikia kwamba ni mbali. Kisha mheshimiwa mmoja akashika maikrofoni. "Huyu daktari alikuwa na kila kitu kwa kichwa!" akanguruma. "Hakuwa anauliza mtu! Ukikaa tu mbele yake, ameshajua!" Watu wakapiga makofi. Madaktari wenzake, waliovaa suti safi mstari wa mbele, nao wakapiga makofi. Nilihisi uchovu ambao sijui niuiteje. Mtu amevumilia kuitwa mjinga maisha yake yote ya kazi, halafu siku ya kumzika tunamvika sifa za wale wanaojifanya kujua kila kitu. Tuko hivyo kila mahali. Mwalimu akisema sijui, tunamdharau. Fundi akifungua maelekezo ya mashine, tunatafuta fundi mwingine. Tumewafundisha watu wanaotushikia uhai kwamba ni salama zaidi kwao kukisia kuliko kuangalia.

Mama mdogo aliinua mkono aongee. Aliyekuwa akiongoza mazishi akamwambia muda umekwisha. Akainua tena, akapuuzwa tena, basi akasimama pale alipokuwa, bila maikrofoni, akapaza sauti. "Mnamsemea uongo na amelala hapo! Huyo mtu aliniambia hajui. Aliniambia hajui, akasoma, ndiyo mimi niko hai!" Waliokuwa karibu walisikia. Mheshimiwa alikuwa akielekea kwenye gari lake. Daktari mmoja kijana wa mstari wa mbele aligeuka, akamtazama, kisha akainamisha kichwa.

Sina nguvu ya kuhubiri, msomaji wangu, na sidhani makala moja itabadilisha kitu. Nakuomba jambo dogo tu. Ukienda hospitali, mtajie daktari kila dawa unayokunywa. Akitoa simu, kaa. Usimuulize anachati na nani. Mwache asome palepale mbele yako, ili asilazimike kwenda kusomea chooni.