Mbio Zijazo Zilizokwishapita

Sifa zote ni za Mola anayejua mambo kabla hayajatokea, akatuficha sisi hata mengi ambayo yamekwisha kutokea. Katika kutuficha huko ametupa raha nyingi. Namshukuru kwa zote, na leo nataka kusimulia moja, kwa sababu nimezeeka na tulioketi baraza ile tumebaki wachache.

Miaka ile biashara ilipoachiwa huru, maduka ya Mwanza yalijaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Kituo cha televisheni hakikuwa kimetufikia. Aliyenunua televisheni aliinunua kwa ajili ya kaseti za video, na akiisha kuzitazama zote anairudia ya kwanza. Rafiki yangu mmoja, fundi wa magari mwenye gereji kando ya barabara ya Butimba, alijinunulia televisheni na deki yake. Shemeji yake alikuwa Dubai akitafuta spea, na kila mfanyabiashara aliyerudi nyumbani alimkabidhi kaseti za mbio za magari amletee fundi. Siyo magari haya ya kubebea watu. Ni yale marefu ya kiti kimoja, yaliyolala chini kama mamba, tairi zote nje.

Kaseti zilichelewa kwa miezi. Huko Ulaya walikuwa wamekwisha kupeana vikombe na kwenda mapumziko, sisi bado tunabishana juu ya mbio zijazo. Wala hatukujali. Msimu wetu ulianza siku kaseti ya kwanza ilipofika gereji, na uliisha siku tulipoitazama ya mwisho. Baraza yetu ya kahawa, mbele ya gereji, iliweka sheria moja tu: anayejua matokeo asiseme. Atakayesema atakaa mwezi mzima bila kahawa, na ataketi palepale akitazama wenzake wakinywa.

Fundi alikuwa upande wa gari la bluu. Kinyozi, ambaye kibanda chake kilipakana na gereji, alikuwa wa gari jekundu. Hao wawili walitaniana kuanzia kikombe cha kwanza hadi adhana ya alasiri. Mimi nilikuwa mwalimu wa madrasa, kwa hiyo nilitakiwa nisiwe na upande. Mwenyezi Mungu anajua nilikuwa upande gani.

Nyuma ya gereji palikuwa na jiwe kubwa, kama yalivyo mawe ya mji wetu, na juu yake fundi alichora kwa chaki njia ya kila mbio inayokuja. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefika huko, basi kila kona tuliipa jina la mahali tunapopajua.

"Hapa ni pale Usagara," fundi alisema siku moja, akigonga jiwe kwa chaki. "Unatoka mbio, unakunja ghafla. Wa bluu hapa hashiki breki."

"Hashiki kwa sababu hana," kinyozi akajibu. "Breki mmemtengenezea hapa kwako?"

"Mtani, wewe unyoe watu. Kwenye magari umeingiaje?"

"Nimeingia kwa mlango wa washindi. Mvua ikinyesha kwenye hizo mbio zijazo, wako atazunguka kama kuku aliyechinjwa."

"Itanyesha?"

"Itanyesha! Naiona."

Ukifikiri, mvua hiyo ilikuwa imenyesha au haikunyesha tangu miezi mingi, na kinyozi alikuwa anatazama angani juu ya Ziwa Viktoria kutafuta dalili zake.

Msimu ninaousimulia, nilikuwa na kazi nyingine mbele ya fundi. Kijana mmoja wa Nansio, karani kwenye meli ya Ukerewe, alikuwa amempenda binti mkubwa wa fundi, na binti naye alikuwa ameridhika naye. Wazee wa kijana wakanifanya mshenga. Posa nikaipeleka kwa adabu zake zote. Fundi akaipokea, kisha akasema, "Mwalimu, jibu nitatoa siku tutakapomaliza msimu. Nataka kujibu nikiwa na furaha ya ubingwa."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Mke wake alimsema, kinyozi alimsema, naye akashikilia hapohapo. Kwa hiyo kijana wa watu akawa anasubiri mke na kaseti pamoja.

Kila meli ilipofunga gati, karani alipita barazani na machungwa ya kwao, akasema shikamoo zake, akainamisha macho. Kwa desturi zetu, mwenye kuposa hapigi soga mbele ya baba wa binti kabla ya kujibiwa. Mshenga ndiye mdomo wake. Mara moja tu fundi alimvunjia desturi hiyo, akamwita mbele ya wote.

"Karani! Wewe unayetembea na dunia. Nani atachukua ubingwa?"

Kijana akashusha machungwa yake. "Mungu ndiye ajuaye, baba."

"Hilo tunalijua. Wewe je, hujui?"

"Nalijua la mizigo ya meli tu, baba."

Kinyozi alicheka hadi akamwaga kahawa. Lakini jioni ile, baada ya sala, kijana alinifuata uani kwa msikiti, jasho linamtoka.

"Mwalimu, nimesikia matokeo. Kwenye redio ya melini, mafundi wa injini walifungulia idhaa ya Kiingereza iliyokuwa ikikumbusha msimu uliopita. Sikutaka kusikiliza. Nilikuwa nimesimama tu."

Nikaziba masikio yangu. "Usiniambie!"

"Sikuambii, Mwalimu. Ila nauliza tu." Akatazama huku na huku. "Hatuwezi kupata jibu la mzee kabla kaseti ya mwisho haijafika?"

Hapo nilishusha mikono. Kijana hakuvunja sheria hata kidogo, na mimi tayari nilijua kwamba gari la bluu limeshindwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa mtihani wa subira. Fundi alijigamba kila siku. Alichora kona, akapanga pointi, akaeleza jinsi wa bluu atakavyopita ndani. Siku moja akanigeukia: "Mwalimu, mwombee dua dereva wetu, zimebaki mbio moja." Nikaweka kikombe chini. Nilisoma miaka mingi kwa masheikh wenye elimu, na hakuna aliyenifundisha dua ya kuombea gari ambalo limekwisha kufika. Nikasema, "Mungu amjalie salama." Fundi akasema, "Na ushindi!" Nikasema, "Na salama." Kinyozi akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kaseti ya mwisho ikafika na mfanyabiashara wa vitenge. Fundi akatualika sebuleni kwake baada ya sala ya alasiri, akamwalika na karani.

"Tangu lini mwenye kuposa akakaa sebuleni kabla ya jibu?" kinyozi akauliza, akivua viatu.

"Tangu leo," fundi akajibu.

Kijana akaketi karibu na mlango, magoti pamoja, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Binti na mama yake walikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Tulijua wanatusikiliza maana sufuria zilikuwa zimenyamaza.

Gari la bluu lilitangulia tangu mwanzo. Fundi alipiga makofi, kinyozi aliuma kofia yake. Mizunguko ikaenda, wa bluu yuko mbele bado, mimi nikaanza kutia shaka kama nilikuwa nimeelewa vizuri uani kwa msikiti. Zikabaki kona chache. Umeme ukakatika.

Sijapata kusikia kelele kama zile. Kinyozi alitaka kwenda Butimba kwa miguu kutafuta jenereta. Wengine waliilaumu serikali, wengine wakamlaumu fundi kwa kuchelewa kuanza. Fundi peke yake hakusimama. Aliegemea kiti, akamenya chungwa, akasema taratibu, "Kaeni chini. Tairi ya nyuma itapasuka, pale kona ya Usagara. Jekundu litapita. Ubingwa ni wao."

Chumba chote kikamgeukia.

"Umejuaje?" kinyozi akauliza.

"Shemeji aliniambia kwenye simu kabla kaseti ya tatu haijaja."

"Kwa hiyo muda wote huu, majigambo yote haya..."

"Ningenyamaza, wewe ungefurahi na nini?" Kisha akamwelekea kijana wa mlangoni. "Na wewe ulijua."

Karani alitazama mkeka. "Ndiyo, baba."

"Fundi wa injini wa meli yako nilimfundisha kazi mimi, hapa gereji. Aliniambia mlisikia pamoja. Nikakuuliza mbele ya watu, hukusema. Nikajisifu mbele yako mwezi mzima kama mpumbavu, hukucheka. Ulijua kwamba nikishindwa huenda utakosa mke, na bado hukuniharibia raha yangu." Akafuta mikono yake. "Mwalimu, nasikia wewe ni mshenga wa mtu fulani."

"Ni mimi," nikasema.

"Waambie wazee wa Nansio waje. Kijana anayeweza kuketi na neno kama hilo mdomoni bila kulitema, nyumba yake itakuwa na amani. Nimekubali."

Nyuma ya pazia kikaanguka kifuniko cha sufuria, kisha vigelegele. Kijana alijaribu kusema asante, akakumbuka kwamba hana ruhusa ya kusema, akanitazama mimi. Nikamsemea.

Kinyozi alingoja vigelegele vitulie. "Nimefurahi sana, mtani. Harusi nitacheza. Sasa tuje kwenye sheria. Nani ametangaza matokeo kabla ya kaseti kuisha?"

Tukatazamana. Fundi akafumba macho.

"Mwezi mzima," kinyozi akasema.

Na kweli, alikaa mwezi mzima barazani kwake mwenyewe akitutazama tunakunywa. Kahawa ya harusi ya binti yake iliangukia ndani ya mwezi ule. Tulifanya shauri, na mimi kama mwalimu nikaulizwa, nikasema sheria ni sheria. Alikunywa juisi ya machungwa ya mkwe wake. Na siku ile umeme uliporudi, tulizitazama zile kona za mwisho, na kinyozi alishangilia kana kwamba hakuambiwa.

Wewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akufiche mabaya yaliyo mbele yako mpaka akupe nguvu za kuyabeba, akufichulie mema kwa wakati unaokufaa, na akujalie watu wa kuketi nao wanaojua kunyamaza kwa ajili ya furaha yako. Amina.