Siku Tuliyoona Chini ya Mto

Watu wakisikia kwamba nimekula jasho langu chini ya maji, huniuliza kuna nini kule. Zamani nilikuwa najibu kwa hasira: hakuna kitu. Wala sikuwa nikidanganya. Mto tuliokuwa tukizamia dhahabu, upande wa Salamabila, una rangi ya chai ya maziwa mwaka mzima, kwa sababu kila kijito kinachouingia kinachimbwa. Ukishusha kichwa tu, giza. Unafunga macho, unauma mpira wa hewa, na tangu hapo mikono inafanya kazi ya macho. Mkono unajua changarawe, unajua udongo, unajua jiwe la kukwepa. Hewa inatoka kwenye kompresa huko juu na kukufikia kwa tiyo, bomba refu la plastiki, na kando ya kompresa anakaa mtu mmoja ameshika tiyo hilo. Ukilivuta, anakupandisha. Ukilitikisa, anakuachia urefu zaidi. Hakuna lugha nyingine kati yenu.

Mtu wangu alikuwa yaya, yaani kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu. Hatukuzaliwa tumbo moja. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Kabambare, yeye ni wa familia ya Kiislamu ya Kasongo mjini. Lakini alinitangulia majini, akanifundisha, basi akawa yaya na mimi mdogo wake. Leo yeye chini na mimi juu, kesho mimi chini na yeye juu. Tulizeeka hivyo.

Kilichomtoa mtoni ni masikio. La kushoto lilikufa kwanza, akalificha kwa kugeuza kichwa akiongea na watu. La kulia lilipoanza kutoa damu, alikwenda kituo cha afya, na muuguzi akamwambia waziwazi kwamba akizama tena, hata hilo moja litakwenda. Yaya alirudi akatuambia habari hiyo huku akila, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Angerudi Kasongo kukaa dukani kwa ndugu yake. Nilifurahi, na usiku sikulala kwa huzuni.

Siku chache kabla hajaondoka, fundi wa kompresa yetu alituonyesha video kwenye simu. Wazungu, wamejifunga chupa za hewa mgongoni, wanazama baharini kwenye miamba ya rangi ambayo fundi alisema inaitwa matumbawe. Samaki wa njano, wa buluu, wanapita mbele ya nyuso zao. Klabu nzima, wametoka kwa wikendi.

"Wanatafuta nini?" nikauliza.

"Hakuna. Wanaangalia tu."

"Mutu anazama bure?"

Nilicheka sana. Yaya hakucheka. Aliomba aione tena, na tena, mpaka moto wa betri ya simu ukaisha. Kisha akasema anakijua kidimbwi kimoja kwenye kijito nyuma ya kijiji cha Wamaza, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuchimba, na wakati wa kiangazi maji yake hayana doa. Akasema na sisi ni klabu. Tutoke wikendi.

Nilielewa mara moja alichokuwa akitaka, na nilimkasirikia. Nilimwambia kwamba atakwenda kukaa Kasongo kama gogo, wajukuu wanamwita na yeye hasikii, na yote hayo kwa sababu ya kutazama mawe. Aliniacha nimalize.

"Mudogo wangu," akasema, "maisha yangu yote nimetumika kazi mu nyumba, taa imezimwa. Sasa ninahama. Acha niwashe taa mara moja, nione kwenye nilikuwa."

Nikaenda kulikagua tiyo, nitafute palipotoboka.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi kwa pikipiki mbili, kompresa imefungwa nyuma ya fundi kama bibi harusi asiyetaka kwenda. Tulibeba mchele, sombe, yale majani ya mihogo, iliyokwisha kupikwa, na maski moja ya kuzamia ambayo fundi aliiazima. Njia ya mwisho ilikuwa ya miguu, kati ya mashamba ya mihogo, halafu msitu. Kidimbwi kilikuwa chini ya ukuta wa mwamba, kina chake kimo cha mchikichi mkubwa, na kweli maji yake hayakuwa na doa. Jani lilielea juu na kivuli chake kikawa kinatembea mchangani huko chini. Tulisimama ukingoni. Wanaume watatu wa maji, na tulikuwa tunayaogopa.

Nilisema nitatangulia mimi, nione kama ni salama. Nilivaa maski, nikashuka. Baridi ilinishika kifua. Nilipapasa ukuta wa mwamba kutoka juu hadi chini, nikakata kidole gumba, nikapima mchanga, nikapanda kutoa ripoti.

"Iko mawe," nikasema. "Iko wembe mingi. Muchanga iko muzuri, upande wa kuume."

Wembe ni jina tulilowapa chaza wa mto, wale wanaojibandika kwenye mwamba. Vidole vyetu vyote vina alama zao.

"Na rangi?" fundi akauliza.

"Rangi ya nini?"

Yaya alinisogelea. "Mudogo, ulifungua macho?"

Sikuwa nimeyafungua. Nilikuwa nimevaa maski safi, kwenye maji yasiyo na doa, nimefunga macho kabisa kwa mazoea. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Hata mimi nilicheka, lakini moyoni nilishtuka. Nilirudi chini nikajilazimisha, kama mtu anayejilazimisha kumeza kwinini.

Sijui nianzie wapi. Chaza walikuwa wameujaza ukuta wote. Mmoja amejenga juu ya mgongo wa mwingine, huyo juu ya mwingine, tabaka kwa tabaka, wamepanda kutoka mchangani mpaka karibu na mwanga. Nje ni kijani cha giza, lakini palipovunjika pameng'aa weupe wenye waridi ndani yake. Vinywa vyao vilikuwa wazi kidogo. Kivuli changu kilipowapita walifunga, safu baada ya safu, na nilipokaa tulivu wakafungua tena. Wako hai. Miaka yote nimewatukana, nimewapiga nyundo watoke njiani, na sikujua kwamba wananiogopa. Samaki wadogo wenye mistari waliingia na kutoka katika mianya yao. Kambale mmoja mnene alilala chini ya jiwe akinitazama bila haraka, kama mwenye nyumba. Kulikuwa na kamba wadogo ambao mwili wao hauonekani, unaona vivuli vyao tu vikitembea mchangani. Nilitaka kusema kitu kwa sauti. Nilimshukuru Mungu mle mle, na mpira mdomoni.

Nilipopanda sikuweza kumkataza yaya tena. Nilivua maski usoni mwangu nikamvalisha mwenyewe, nikakaza mkanda nyuma ya kichwa chake. Tulikubaliana ashuke polepole, akae kidogo tu. Alisema bismillahi, akazama.

Nilikuwa nimemshikia tiyo mara zisizohesabika, lakini sikuwahi kumwona kazini. Namna anavyofanya kazi niliijua kwa mvuto wa bomba mkononi tu. Sasa nilimwona mzima. Alishuka akiwa amenyoosha mikono mbele kama kipofu, halafu akaishusha taratibu, akaiacha mbavuni, kwa sababu haikuwa na kazi. Alizunguka ukuta wote. Alipeleka kidole karibu na chaza mmoja, hakumgusa, akangoja afungue. Alipiga magoti mchangani akainua kichwa kuelekea juu, akabaki hivyo muda mrefu, mapovu yakitoka. Fundi aliniambia nimvute. Tiyo lilitikisika. Niliongeza urefu.

Mwishowe alipanda mwenyewe, polepole sana. Tulimtoa tukamkalisha kwenye mwamba juani. Damu nyembamba ilikuwa inatoka sikio la kulia, nikaifuta kwa shati langu. Nilimuuliza kama ameona. Hakujibu. Nikasogeza mdomo kwenye sikio hilo hilo nikauliza tena, na bado alikuwa akiyatazama maji, uso umelowa, anatabasamu. Nikamshika bega, akageuka.

"Kila kitu nimeona," akasema. "Halafu niliangalia juu, nikakuona na weye. Umeshika tiyo na mikono mbili, umeinama, macho yote iko kwangu tu. Sikujuaka kama unanishikaka vile."

Aliyasema hayo kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto, na mimi nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega.