Radhi ya Nyanya

Nilikuwa bado naota meno ya mbele tulipokaa Uthiru, chumba kimoja cha mabati, na hadi leo harufu ya tumbaku ikinipata nyumbani mwangu, mwili hunisisimka. Mungu anisamehe, maana Mkristo hapaswi kuogopa wafu.

Nyanya, mamake baba, alikuja kutoka Bunyore kumngojea mama ajifungue. Alivuta sigara kama wanawake wazee wa kwetu, upande wenye moto ukiwa ndani ya mdomo, moshi ukimtoka puani. Sisi watoto tulimpendea hilo. Baba, aliyekuwa ameokoka karibuni, aliona haya. Jumapili moja, ndugu wa ushirika wakiwa wamejaa chumbani kwa maombi, alimpokonya mfuko wake wa tumbaku akautupa chooni. Nyanya akasimama. Alifungua blauzi, akashika titi, jambo ambalo kwetu ni laana ya mama.

"Hili ndilo ulilonyonya," akamwambia mbele yao wote.

Kesho yake akapanda basi kurudi kwao. Kabla mahindi hayajakomaa, tukaletewa habari kwamba amefariki.

Mama akajifungua msichana, naye akakataa kunyonya. Kila jioni alilia akiukodolea mlango macho, na chumba kikanuka tumbaku ingawa hapakuwa na mvutaji. Hospitalini walisema hawaoni ugonjwa. Akakonda hata mama akawa anamfunika uso tusimwone.

Jirani yetu Bi Zuhura, mke wa karani kutoka Mombasa, ndiye aliyemuuliza baba kama aliwahi kutaka radhi. Baba akasema alishatubu, na Mungu alishamsamehe.

"Mungu sawa, Baba Rosa," akasema, akimwita kwa jina langu. "Na mama yako je?"

"Si ameshakufa?"

"Basi kazi yako imekuwa kubwa."

Akamweleza alivyofunzwa na babake, mwalimu wa madrasa: neno radhi lilitoka kwa Waarabu, na maana yake ni kuridhika. Sisi tunalitamka kama neno la mkosaji, kumbe ni hali ya moyo wa aliyekosewa, na mkosaji hawezi kujipa mwenyewe. Tena akamuuliza, mama uliyemwaibisha mbele ya watu, utamridhisha chumbani peke yako?

Baba hakula siku ile. Alijua yule mtoto anakwisha, na alijua pia ndugu watamwonaje.

Jumapili walipofika, alitoa tumbaku kwenye koti, akaiweka kizingitini, akapiga magoti. Alimwita mamake kwa jina la usichana wake, akamkaribisha avute ndani ya nyumba ya mwanawe.

"Ndugu, umerudi Misri," mmoja akasema. Wakatoka mmoja mmoja, wakiiruka ile tumbaku, suruali wamezipandisha kama wanaovuka matope.

Mtoto akanyamaza. Nilimwona akigeuza macho polepole kutoka mlangoni hadi kitandani, kama anayemtazama mtu akipita. Kisha akanyonya.

Baba hakuongoza maombi tena. Alikaa benchi la nyuma mpaka akazikwa. Nimesikia wahubiri wakisema mambo kama hayo ni ya shetani. Sibishani nao, sikusoma sana. Ila nikimkosea mtu, siwezi kulala kwa sababu tu nimeshasali. Naenda kwake, naketi, nangoja uso wake ukunjuke. Kuna siku narudi vilevile nilivyokwenda, na kesho yake naenda tena.