Machozi ya Siku ya Wakwe

Macho yangu yalianza kunisumbua msimu wa baridi, kwenye ile miezi ambayo jua la Nyeri hutoka likitaka kubembelezwa. Nina kibanda mjini ninakofuma sweta za shule kwa mashine, na shule zikikaribia kufunguliwa huwa siinui kichwa. Nilidhani ni manyoya ya uzi yaliyoniingia. Kila nikipepesa macho nilihisi kama kuna vumbi la mahindi chini ya kope, nikiyafikicha yanazidi, na kufikia saa kumi siwezi kuona vizuri shati la mteja aliyesimama mbele yangu.

Kilichonishangaza ni maji. Yalikuwa yakinitiririka tu, nikiwa nimeketi, sina huzuni wala kitunguu. Mama mmoja wa mtaa wa Skuta aliyemleta mtoto kupimwa sweta alinipa pole ya msiba. Nikamwambia hakuna aliyekufa kwetu. Akanipa pole tena, kwa sauti ya chini zaidi, akaondoka akiwa ameamini kwamba ninaficha.

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mmoja alisema nioshe kwa majani ya chai, mwingine chumvi, na mwingine, bila aibu yoyote, akaniagiza nitafute mama anayenyonyesha. Chai niliijaribu na uso wangu ukanuka kama kiamshakinywa. Kisha nikaenda kwa kemisti, wakaniuzia matone ya kuondoa wekundu. Hayo yalinidanganya vizuri. Asubuhi macho yalikuwa meupe kama ya bibi arusi, jioni yanawaka kuliko jana, nami nikirudi kununua chupa nyingine.

Katika hali hiyo ndipo wakwe walipokuja. Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa amepata mchumba kutoka Kangari, upande wa Murang'a. Nilimpenda kijana huyo tangu siku alipokuja kwetu Tetu, akakuta nikimenya viazi, akachukua kisu na kuanza kumenya bila kuambiwa. Sikumwambia mtu kwamba nimempenda. Mimi si mtu wa kusema mambo hayo, na nilidhani viazi vinajieleza vyenyewe.

Siku ya ruracio, watu wa mvulana huja nyumbani kwa msichana kuzungumza habari za mahari, lakini mazungumzo hayaendi popote kabla msichana mwenyewe hajakubali mbele ya wote. Hupewa kibuyu, akaulizwa kama wazee wanywe au waache. Akionja na kumpa baba yake, mambo ni sawa. Sisi ni watu wa kanisa, kwa hivyo ndani ya kibuyu tulitia uji wa kuchacha badala ya pombe. Niliupika mwenyewe.

Niliitwa nisimame kando ya mume wangu. Upepo wa baridi ulikuwa unashuka mlimani, na moshi wa sufuria kubwa ulikuwa umejaa uani. Binti yangu aliponyanyua kibuyu, macho yangu yakafunguka. Maji yakashuka mashavuni pande zote mbili. Nikafuta kwa leso, yakaja mengine. Nikageuza uso kando, na sasa ninajua kwamba mtu akigeuza uso ndipo watu wanapomtazama zaidi.

Msemaji wao, mzee aliyevaa kofia ya sufu, aliinua mkono, na binti yangu akakishusha kibuyu kabla hakijafika mdomoni.

"Sisi hatuwezi kunywa uji wa mama anayelia," mzee akasema kwa upole. "Kama kuna neno, afadhali tuambiwe leo."

Mume wangu akasema ni moshi. Lakini moshi ulikuwa wetu sote, na aliyekuwa akitiririka ni mimi peke yangu. Tena sisi wanawake wa Nyeri tuna sifa zetu nchi nzima. Tunatajwa kwa kuwapiga waume, hakuna aliyewahi kututaja kwa kulia. Mwanamke wa Nyeri akitoa machozi mbele ya wageni, mtu mwenye akili hutafuta sababu kubwa. Nilijaribu kueleza habari za macho na nikasikia mwenyewe jinsi ninavyofanana na mwongo. Wageni wakala nyama ya mbuzi, wakasifu mvua, wakaaga kwa heshima, wakasema watarudi mama akitulia.

Jioni binti yangu alinikuta nikiosha vyombo.

"Mama, kama humtaki, si ungeniambia mimi? Ati ukangojea wazee wake?"

Nikamwambia ni ugonjwa. Akaniambia kwamba nilimzika nyanya yake bila kutoa chozi hata moja, na yeye alikuwa pale akiniona. Hilo ni kweli. Siku ile nilikuwa nikibeba viti na kugawa chakula, kwa sababu wageni walikuwa wengi na huzuni haipiki. Sasa huo ukavu wangu ukawa ushahidi. Mtu ambaye haililii maiti ya mama yake, akilia siku ya mahari ya mwanawe, ana jambo moyoni.

Alirudi kazini kwake mjini. Akawa anapiga simu ya baba yake na kuuliza kama mimi ni mzima. Kibanda changu na ofisi yake vimetenganishwa na barabara moja, na alikuwa akipita upande wa pili. Iliniuma kuliko macho. Nilikuwa nikiketi kwenye mashine nikijiambia kwamba nitampoteza mtoto kwa sababu ya maji tu.

Ndipo nikaenda kliniki ya macho. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye mikono baridi. Aliniwekea vipande vya karatasi nyembamba ndani ya kope za chini, akaniambia nifumbe macho na nitulie. Alipovitoa vilikuwa vimelowa kidogo sana, pembeni tu.

"Mama, macho yako ni makavu," akasema.

Nilikasirika. Nikamwambia ninashinda nikijifuta, leso zangu zote ziko kwenye kamba, ukavu huo uko wapi? Hakukasirika. Alinieleza kwamba machozi mazuri yana mafuta, ndiyo yanayoshika juu ya jicho, na vijitundu vya mafuta kwenye kope zangu vimeziba. Jicho likikauka linashtuka, linamwaga maji matupu, na hayo hayakai. Nikafikiria shamba lililokaa muda mrefu bila mvua, jinsi maji ya kwanza yanavyoteleza juu ya udongo mgumu na kuishia barabarani. Akaniambia niyatupe yale matone ya wekundu siku hiyo hiyo, kwa kuwa yalikuwa yakiniharibu.

Dawa yenyewe haina maajabu, ina uvumilivu. Asubuhi na jioni ninachovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, ninakikamua, ninakijaribu kwanza mkononi, kisha ninakilaza juu ya macho hadi kope zipate joto. Halafu ninazikanda polepole kuelekea ukingoni zinakoota nywele, na kuzipangusa. Nina matone mengine, ya kulainisha, yasiyotiwa dawa ya kuyahifadhi yasiharibike. Mashine niliihamisha kutoka mlangoni penye upepo. Gumu zaidi lilikuwa kujikumbusha kupepesa macho, maana nikifuma huwa ninakodoa kama paka aliyeona panya. Wiki za kwanza sikuona tofauti na nilitaka kuacha. Kisha siku moja nikafika jioni bila kuwa nimeyakumbuka macho yangu. Hayajapona, na daktari alisema huenda yasipone kabisa. Siku za vumbi bado yananitesa. Lakini ninaishi nayo.

Nilimpigia binti yangu nikamweleza. Akasema sawa, ile sawa ya kumaliza simu. Jumamosi iliyofuata alikuja kuchukua nguo zake, akanikuta nimelala chali na kitambaa usoni. Kisha nikasikia anamimina maji kutoka kwenye thamosi, na kitambaa kilichokuwa kimepoa kikaondolewa, kikawekwa kingine cha moto. Akataka kunikanda kope. Alibonyeza kama anayekanda chapati, nikamkemea, naye akacheka. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu wakwe waondoke.

Yeye ndiye aliyewaeleza watu wa Kangari, nao wakarudi. Safari hii moto uliwashwa nyuma ya zizi, na mimi nilikuwa nimetia matone mara tu nilipoona magari yao. Binti yangu akaulizwa, akaonja, akampa baba yake. Mzee wa kofia ya sufu alinitazama usoni muda mrefu, akaona hakuna kitu, akapokea kibuyu, akanywa. Vigelegele vikapigwa. Sikudondosha hata tone.

Wageni walipoondoka, binti yangu alikuja jikoni akaketi karibu nami. Nikamuuliza kuna nini.

"Leo hukulia," akasema.

"Si ndivyo mlivyotaka?"

"Ndiyo. Lakini nilikuwa nakuangalia nikionja. Nilifikiri utalia hata kidogo tu."

Nimezoea kutumia mikono, na mikono yangu ilikuwa ndani ya maji ya vyombo. Nikaitoa, nikaifuta, nikamwambia kwamba nampenda mume wake mtarajiwa, na kwamba nyumba hii itakuwa kubwa mno bila yeye, na kwamba tangu asubuhi sikuwa nimewaza jambo lingine. Nikamwambia macho yangu hayajui tena wakati wa kulia na wakati wa kunyamaza, kwa hivyo asiyaulize hayo, aniulize mimi.

Aliyelia ni yeye. Nikamvuta karibu, nikamfuta kwa leso yangu, na kwa mara ya kwanza mwaka huo leso ile ikalowa machozi ya mtu mwingine.