Shikaneni Mikono, Wanangu

Fundi wa maabara anayekaa ubavuni mwangu huzisemesha seli kama mama anayevusha watoto barabara: "Shikaneni mikono, wanangu." Kazi yake ni kutia dawa vipande vya matiti yenye saratani. Dawa hugeuka kahawia palipo na protini inayoshikanisha seli. Protini hiyo ikipotea, seli huachana, na ni rahisi zitawanyike mwilini. Akiona kahawia, huimba, tena kwa sauti mbovu, nami kila siku humsihi anyamaze. Asipoiona, hufuta miwani kwa pindo la koti.

Kwenye kila kioo chembamba cha hadubini huweka pia kipande cha titi lisilo na ugonjwa, anachokiita "jirani", ambacho lazima kigeuke kahawia, ajue kama dawa imefanya kazi. Juzi kioo kilikuwa na kipande cha titi la wifi yake. Aliinamia hadubini, akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena. Kisha akasogeza kioo kidogo, akaangua kicheko. "Hata jirani hana rangi! Dawa sikutia, mwenzangu! Akili yote iko kwa wifi!" Akarudia kazi yote taratibu, akainama tena.

Akaanza kuimba. Safari hii sikumwambia anyamaze.